Nyumba Njema si Mlango, na Mpangaji Mwema si Kanzu

Kuna neno moja dogo ambalo sisi watu wa pwani hulitamka upesi mno, nalo ni "namjua". Mtu akija kutafuta chumba cha kupanga, mwenye nyumba humtazama, kisha humgeukia aliyekaa naye barazani akamwuliza, "Huyu wamjua?" Naye hujibu, "Namjua, ni mtu mzuri." Basi ufunguo hutolewa, godoro huingizwa, na mambo huhesabiwa kuwa yamekwisha. Aghalabu hayajakwisha. Ndiyo kwanza yanaanza.

Mimi nililisema neno hilo siku moja, na likanigharimu. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze, wasomaji wapenzi, juu ya jambo ambalo kila mwenye chumba kimoja au kumi hapa Mombasa, Malindi au Lamu hulifikiria anapolala: atampataje mpangaji wa kuaminika?

VYUMBA VITATU VYA MAMA

Yuko mama mmoja mjane mtaani Majengo, Mombasa, ambaye jina lake sitalitaja kwa kumstahi. Mumewe alipofariki aliwaachia yeye na wanawe nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ile tuijuayo sote: ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu mkono wa kulia, vitatu mkono wa kushoto, na huko uani jiko na choo. Mama na wanawe wakakaa upande mmoja, na upande wa pili wakaupangisha, kila chumba shilingi 3,500 kwa mwezi. Hesabu yake ni nyepesi. Vyumba vitatu ni shilingi 10,500, na humo ndimo mlimotoka unga, karo ya watoto, umeme na maji.

Wala si hayo tu. Nyumba ile, kama nyingi za Majengo, ni nyumba bila ardhi. Hapana haja ya kumweleza mtu wa Mombasa maana yake: kuta ni zako na paa ni lako, lakini kiwanja ni cha mwingine, na mwenye kiwanja hulipwa kodi yake. Kwa hiyo mama huyu ni mwenye nyumba kwa wapangaji wake, na papo hapo yeye mwenyewe ni mpangaji kwa mwenye ardhi. Mpangaji akikosa kumlipa, yeye hapati ruhusa ya kukosa kumlipa mwenziwe.

Nayasema haya kwa sababu watu wengi wakisikia "mwenye nyumba" hufikiri ni tajiri mwenye kitambi na bakora, ambaye kodi ya chumba kimoja haimpunguzii kitu. Huku kwetu si hivyo. Nyumba nyingi ni za mirathi, na kodi ya mwezi mmoja hugawanywa baina ya ndugu watano au sita. Nyingine ni za wakf, ambazo serikali iliziwekea sheria na tume yake, ikiwamo sheria ya mwaka 1951, na sheria mpya ikapitishwa mwaka 2022. Kodi ya nyumba ya wakf huenda msikitini, chuoni, au kwa jamaa za aliyeiweka. Anayetoroka na kodi ya nyumba kama hizo huenda amekula posho ya mwalimu wa chuo au uji wa yatima.

NILIVYOSEMA "NAMJUA"

Mwaka 2019 chumba kimoja cha mama yule kilikuwa kitupu. Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, mtu tuliyezoea kuswali naye safu moja aliniuliza kama najua pahala penye chumba. Kanzu yake nyeupe, kofia yake ya kushonwa kwa mkono, maneno yake ya upole. Nikamchukua mpaka kwa mama.

Mama akanivuta kando akaniuliza, "Mwanangu, wamjua huyu?"

Nikajibu, "Namjua, mama. Kukiwa na lolote, mimi nipo."

Kwa maneno yale mama akaona haya kumwuliza mgeni wake jambo lolote. Hakuuliza atokako wala kwa nini ahama. Hakutazama kitambulisho. Hakutaka amana. Karatasi haikuandikwa. Yule bwana akaingia siku ya pili na vitu vyake.

Mwezi wa kwanza alilipa tarehe mosi. Wa pili alilipa tarehe 10. Wa tatu alitoa nusu. Mwezi wa nne akasema "kesho", na kesho hiyo ikaendelea mwezi wa tano, wa sita na wa saba. Mama alikuwa akimtuma mtoto kugonga mlango, kisha hata kumtuma akaacha, maana huona vibaya mtu mzima kudaiwa mbele ya majirani. Asubuhi moja mtoto akaukuta mlango uko wazi na chumba kitupu. Hata globu ilikuwa imechomolewa. Deni lilikuwa shilingi 15,750, na mwenye ardhi naye alikuwa akingoja chake.

Nilipopata habari nilikwenda kwa mama nikitazamia lawama. Hakunilaumu. Alinimiminia kahawa, akaniuliza polepole, "Mwanangu, ulimjua wapi?"

"Msikitini, mama."

"Nyumbani kwake uliwahi kufika?"

"La."

"Kazini kwake?"

"La."

"Mlipata kukopeshana hata shilingi mia?"

"La, mama."

"Basi wewe uliijua kanzu yake."

SWALI LA SAYYIDNA UMAR

Usiku ule nilikumbuka kisa ambacho masheikh wetu hukisimulia mara nyingi. Imepokewa kwamba mtu mmoja alikuja kutoa ushahidi mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, naye akamtaka alete mtu amjuaye. Akatokea mmoja akasema anamjua. Sayyidna Umar akamwuliza mambo matatu: je, ni jirani yake wa karibu, ajuaye kuingia kwake na kutoka kwake? Je, wamewahi kuuziana na kulipana fedha? Je, wamewahi kusafiri pamoja? Kwa yote yule mtu akajibu la. Hapo akaambiwa kwamba hamjui. Na wengine husimulia kwamba Sayyidna Umar alimwambia huenda alimwona tu msikitini akiinua kichwa na kukiinamisha.

Mama yule hakusoma vitabu vikubwa, lakini maswali yake kwangu yalikuwa karibu na yayo hayo. Na kwa hakika mwenye nyumba akiyafuata hayo matatu, hahitaji elimu nyingine kubwa ya kumchagua mpangaji.

La kwanza ni ujirani. Mtu ajaye kwako anatoka kwa mwingine. Nenda huko. Lakini usimwulize mwenye nyumba wake peke yake, maana mwenye nyumba anayetaka kumwondoa mpangaji mkorofi humsifu mpaka akavuka mipaka, apate kumtua mzigo huo kwako. Waulize pia majirani wa chumba cha pili. Muulize mwenye duka la pembeni. Mwenye duka ana daftari la mikopo, na daftari hilo huijua tabia ya mtu kuliko cheti chochote.

Wako watakaosema kwamba kuulizana habari za watu ni kusengenya. Wanavyuoni wamelieleza jambo hili. Anayetakwa shauri juu ya mtu wa kuoana naye, au wa kufanya naye biashara, ana ruhusa ya kusema kasoro aijuayo, kwa kiasi cha haja na bila ya kuongeza chumvi. Anayeficha akasema "ni mtu mzuri tu", kama nilivyosema mimi, hakumsitiri mtu. Amemtia mwingine shimoni.

La pili ni safari. Huwezi kusafiri na kila ajaye kuuliza chumba, lakini kuhama nako ni safari. Muulize kwa nini ahama, kisha ulinganishe jibu lake na uliyoyasikia ulikokwenda. Na mnaweza kupatana miezi mitatu ya kutazamana kabla ya kupatana mwaka mzima. Katika miezi hiyo utamwona mwenzako wa safari: anavyotumia maji ya pamoja, anavyosema na watoto wa nyumba, na anavyokuwa inapofika tarehe ya kodi.

La tatu ni fedha. Kodi ya mwezi wa kwanza na amana zipokewe kabla ya ufunguo kutoka, si baadaye. Anayeshindwa kutimiza siku ya kwanza, alipo na haja kubwa, atawezaje kutimiza siku ya mia? Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hata kulipana kumekuwa na ushahidi wake, kwa kuwa ujumbe wa simu huonyesha nani ametuma, kiasi gani na saa ngapi. Lakini tukumbuke kwamba amana ni amana kama jina lake. Si mali ya mwenye nyumba. Mpangaji akitoka naye hana deni wala hakuharibu kitu, arudishiwe chake chote siku hiyo hiyo. Wako wenye nyumba waila amana ya mtu kisha walalamika kwamba wapangaji wa siku hizi hawaaminiki.

KARATASI SI UADUI

Tatizo letu kubwa pwani ni haya. Twaona kumwandikisha mtu karatasi ni kumwambia wewe mwizi. Lakini aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu jambo gani? Inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Na ijara kwa wanavyuoni wa fiqhi ni mapatano ambayo kinachokodishwa kijulikane, malipo yajulikane na muda ujulikane. Anayesema "ingia tu, tutaelewana" ameacha nyuma mambo hayo yote.

Karatasi yenyewe si lazima iwe ya wakili. Ukurasa wa daftari la shule watosha: majina mawili na nambari za vitambulisho, chumba gani, kodi kiasi gani na ilipwe tarehe ngapi, amana kiasi gani, umeme na maji ni juu ya nani, notisi ya kuhama ni muda gani, na watu wangapi watakaa. Hili la mwisho lisidharauliwe. Vyumba vingi vilipangwa na watu wawili, na baada ya mwezi wakawa saba. Kama nyumba ina masharti yake, kwamba pombe haiingii, au kwamba baada ya saa fulani ya usiku mlango wa mbele hufungwa, yasemwe mapema. Sharti lisemwalo kabla ni mapatano. Sharti lisemwalo baadaye ni ugomvi. Ziandikwe nakala mbili, ziwekwe saini na shahidi, na kila mmoja ashike yake. Kisha kila mwezi itolewe stakabadhi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Serikali nayo yasema hivyo hivyo. Kwa maduka, hoteli na mikahawa iko Sura ya 301 ya sheria za Kenya, inayomtaka mwenye nyumba kuweka kitabu cha kodi, na inayosema kwamba notisi ya kumwondoa mpangaji au kubadilisha masharti isiwe chini ya miezi miwili. Kwa nyumba za kukaa ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko Sura ya 296 na baraza lake maalumu la kuamua kesi, na bila ya amri yake mpangaji hatolewi. Zilizo juu ya hapo huenda mahakamani. Hata kukamata vyombo vya mtu kwa deni la kodi kuna sheria yake, Sura ya 293, na kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni. Kuezua mabati, kung'oa mlango au kutia kufuli mtu akiwa kazini si njia. Mwenye haki akifanya hivyo hugeuka yeye kuwa mshitakiwa.

UAMINIFU WA PANDE MBILI

Liko jambo ambalo wenye nyumba hatupendi kuambiwa. Mpangaji mwema naye atafuta mwenye nyumba mwema. Masika yakifika na paa likavuja juu ya kitanda chake, naye akakwambia mara tatu usisikie, atahama. Ukiingia chumbani mwake hali hayupo, atahama. Ukimwongezea kodi ghafula kwa kuwa umemwona amenunua friji, atahama. Anayelipa kwa wakati ana pahala pa kwenda, maana kila mtu amtaka. Asiyelipa hana pa kwenda, kwa hiyo huvumilia kila uchafu. Ndivyo mwenye nyumba mbaya anavyobakiwa na wapangaji wabaya, kisha akasema dunia imeharibika.

Na jambo la pili ni kwamba uaminifu hauna kabila wala kofia. Twapenda kumpangisha wetu kwa kuwa ni wetu, na kumkataa mgeni kwa kuwa ni mgeni. Lakini nyumba njema si mlango.

Baada ya yule bwana kutoroka, chumba cha mama kilikaa kitupu miezi mitatu. Alikuwa na haja kubwa ya fedha, na haja ndiyo imponzayo mwenye nyumba, kwa kuwa humfanya ampokee wa kwanza ajaye. Mama akakaza roho. Akaja mwanamke mmoja wa bara, mfuaji nguo katika hoteli ya ufuoni, si Mwislamu. Majirani wakanong'ona. Mama akavaa buibui lake akapanda matatu mpaka Kisauni, alikokuwa akikaa yule mwanamke. Aliuliza majirani wawili. Kisha akaingia dukani, na mwenye duka akalifungua daftari akamwonyesha: akopa, na kila mwisho wa mwezi hufuta. Mama akarudi, akamsomea masharti ya nyumba, naye akayakubali. Binti yake akaandika karatasi mbili.

Mwaka 2020 ukaingia na maradhi ya korona. Hoteli za pwani zikafungwa, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Kabla ya mwezi kwisha, yule mwanamke mwenyewe aligonga mlango wa mama akasema, "Mama, mwezi huu sina. Nimekuja kukwambia kabla hujaniuliza." Hiyo, wasomaji wangu, ndiyo alama ya mpangaji wa kuaminika. Si mtu asiyekosa fedha kamwe, kwani sote hukosa. Ni mtu asiyekukimbia anapokosa.

Mama akampa muda. Dini yetu imetenga baina ya watu wawili: aliye katika dhiki, ambaye aya ya 280 ya sura hiyo hiyo yataka angojewe mpaka apate, na mwenye uwezo anayechelewesha deni kwa makusudi, ambaye Mtume (S.A.W.) alimhesabu kuwa ni dhalimu. Mwenye nyumba asiyejua tofauti yao atamfukuza wa kwanza na kumvumilia wa pili. Mama alijua kwa sababu aliuliza kabla. Hoteli zilipofunguliwa, yule mwanamke akalipa kidogo kidogo mpaka deni likaisha, na kila alicholipa kikaandikwa.

NA LILE DENI LA KWANZA

Huenda msomaji ataka kujua zile shilingi 15,750 ziliishia wapi. Yule bwana hatukumwona tena. Lakini mimi nilikuwa nimesema "mimi nipo", na neno hilo ni dhamana. Nilimwendea mama nikamwambia nitalilipa mimi. Akakataa. Nikamwambia ahadi ni deni, na haya yangu haitapungua asipopokea. Basi akapokea, shilingi 1,500 kila mwezi kwa miezi kumi, na mwezi wa kumi na moja nikamaliza shilingi 750. Kila nilipolipa, binti yake alitoa daftari akaandika tarehe na kiasi, akanipa na stakabadhi. Mwezi wa kwanza niliona kama natukanwa. Mwezi wa mwisho niliona raha, kwa kuwa hapakuwa na mtu awezaye kusema bado nadaiwa.

Siku hizi nikikaa barazani na mtu akaniuliza juu ya mgeni, "Huyu wamjua?", simpi jibu nililompa mama. Humwambia, "Naijua safu anayoswalia. Mengine kaulize anakohama." Wako wanaoniona mgumu. Mama mwenyewe huwapa watu jibu hilo hilo, kisha huwaambia ni duka gani la kuanzia.